Taa ya Fuko

Tadao, nimeiona.
Wala sikuwa nikiitafuta. Nilikuwa nimeinama
kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe ni chako.

Miaka ishirini na nane, mvua za plamu zikianza tu,
ulitundika kofia ya posta msumarini
ukapanda mlima wa nyuma ya Kochi kwenda kuchungulia mizizi.
Nilikufungia matonge mawili ya wali.
Ulirudi na ruba vifundoni, daftari limelowa.
"Leo pia imekataa," ulisema,
kama mtu aliyepeleka posa akarudishiwa mahari.

Okabayashi mchoma makaa ndiye aliyekutia wazimu huo.
Ulimpelekea barua ya kodi, akakulipa kwa hadithi,
na alikuwa amelewa, wewe mwenyewe ulikiri.
Kuna ua, alisema, lisilo na jani wala tone la kijani.
Halilijui jua na jua halilijui.
Linakula kwa kuvu, chini, gizani, mgeni asiyeaga,
na siku tatu kwa mwaka
linachomoza taa ndogo kuliko punje ya mchele
ili mafuko waione njia ya kwao.

Fuko ni kipofu, nikakwambia. Taa ya nini?
Hukujibu. Ukachora pambizoni mwa daftari
fuko mmoja amevaa kofia ya posta,
taa mkononi.

Chuo kikuu walikuandikia barua tatu,
zote za adabu, zote fupi,
ya tatu fupi kuliko zote.
Ulizihifadhi kwenye bati la biskuti
pamoja na risiti za betri za tochi.

Ukafa Februari. Mapema mno, hata plamu hazijachanua.

Sikupanda mlima kwa mapenzi ya mimea.
Nilichoka kuviruka viatu vyako mlangoni.
Nikavaa soksi jozi mbili, nikavivaa,
nikaenda hadi pale daraja lilipovunjika,
na kamba ya kushoto ikafunguka
kama ulivyosema daima kwamba sijui kufunga.

Chini ya mwerezi, kando ya kopo la kahawa lenye kutu,
ndipo lilipokuwa.
Si jeupe, Tadao. Ulikosea.
Lina rangi ya maji yaliyooshea mchele,
na juu pembe tatu zimekutana ncha kwa ncha
kama vidole vya mtu anayechota chumvi.
Halafu linanuka. Samaki wa juzi.
Miaka yote hiyo hukuwahi kufikiri kwamba lingenuka.

Nikahesabu: saba.
La saba konokono alikuwa amelifikia kabla yangu.
Sikulia. Nilikaa kwenye tope nikala tonge langu,
kisha nikala na lako,
maana mikono yangu bado inafunga mawili.

Yule wa chuo alikuja Alhamisi, binti, Nishiuchi,
miwani yake imegangwa kwa plasta.
Alilala kifudifudi kwenye matope kwa saa nzima
bila kusema neno,
nikampenda hapo hapo.
Akachukua moja, akalizamisha kwenye chupa ya spiriti.
Akasema ni jipya, halimo kitabuni popote,
na kwamba wakikubali watalipa jina lako
kwa Kilatini, litaongezwa mkia.
Nikamwambia lina jina tayari.
Akaandika: taa ya fuko. Akauliza maana yake.
Nikamwonyesha mchoro wako.
Alicheka mpaka akavua miwani.

Nisamehe, nilimwonyesha matatu tu.
Manne niliyafunika majani kabla hajafika,
hata lile lililoliwa.
Sijui kwa nini. Labda ningekuuliza.

Redio inasema kesho mvua tena.
Viatu nimeviosha, havijakauka.
Nitavivaa hivyo hivyo.