Vespa, Mwezi wa Kumi na Mbili

Geti la ukumbi, Shanty Town, Jumamosi jioni.
Mlinzi ananyoosha rungu:
"Wewe boda, abiria akishashuka, geuza."
Sina abiria. Nina suti,
nina kadi ya watu wawili niliyoilipia laki na nusu,
na jina langu, Ndetaramo Kileo,
limo kwenye daftari la kamati, ukurasa wa pili.
Analitafuta kwa kidole. Analipata. Anaguna.
"Basi kaegeshe kule, nyuma ya jenereta."

Boda nao hawanitaki.
Pale kijiweni, Mnara wa Saa, wananiita Padri,
eti mapadri ndio waliokuwa wakipanda kitu hiki,
magoti yamebanwa, kanzu imekunjwa,
na eti bila sala hakiwaki.

Hapo hawajakosea.
Ni ya mwaka sabini na nane, kijani cha embe bichi.
Niliinunua kwa katekista mstaafu wa Kilema;
kuku walikuwa wamehamia kwenye kiti.
Petroli yake huchanganywa na oili, kifuniko kimoja kwa lita,
na kila kituo namfundisha upya kijana
anayenitazama kama mtu aliyeomba chumvi kwenye chai.
Waya wa klachi, Moshi hakuna. Arusha hakuna.
Fundi Mrindoko wa Mbuyuni aliunga wa breki ya baiskeli,
akajifuta mikono, akasema taratibu, kama daktari:
"Mwalimu, kwa hela unazoniletea,
Vitz ungekuwa umeshafika nusu."

Hata Vitz?
Ndivyo wanavyoniuliza, kwenye vikao, msibani, benki.
Hata Vitz, mwalimu?

Kwa nini, sijui nikujibu vipi.
Kuna kipande pale darajani Karanga, saa kumi na mbili asubuhi,
ubaridi wa mto unapanda ndani ya mikono ya shati,
mahali fulani mtu anakaanga kahawa,
na hakuna kioo kati yangu na hayo yote.
Sekunde nane. Labda tisa.
Halafu lori la mchanga linanipigia honi
nishuke barabarani, nami nashuka.

Sasa ni Desemba. Wanapanda kutoka Dar
na magari meusi, marefu, yenye vioo vya giza,
yamejaa kreti za soda na watoto wasiojua Kichaga.
Njia ya kwetu Uru ni nyembamba, upande migomba, upande mfereji.
Jana mawili yalikutana pale kwa mama Aikande
na hakuna aliyetaka kurudi nyuma;
kurudi nyuma ni kama kukiri deni mbele ya shemeji.
Foleni ikafika kanisani.
Nikakunja viwiko, nikapenya,
vioo vyao vya pembeni vikinionyesha tumbo langu, mara mbili.
Mtu akapiga mbinja. Nikajisikia mfalme.

Hatua ishirini mbele, ikazima.

Nikachuchumaa, nikafungua plagi, nikaungua vidole,
nikaisugua kwa mswaki ninaoutunza mfukoni kwa kazi hiyo.
Huko nyuma walikuwa wamepatana.
Yakanipita moja moja, kwa heshima ya mazishi,
na mtoto mmoja akaninyooshea kidole, akasema kitu.
Kioo kilikuwa kimefungwa.

Nikafika nikiisukuma.
Baba mdogo, kabla ya salamu: "Umekuja na nini?"
"Na kilo tatu za nyama," nikasema,
"na mimi mwenyewe."
Akatazama nyama.

Usiku, magari saba yamelala uani, yanang'aa.
Mama akatoka na taa, akazunguka nyuma ya banda la ng'ombe,
akaifunika vespa yangu kwa khanga yake ya zamani,
akaichomeka vizuri hadi chini ya tairi.

Sijamuuliza
kama ni kwa ajili ya umande
au ya majirani.