Inchi Ishirini na Tatu na Nusu

Kwanza brashi ya waya, mafuta ya taa, na subira.
Ubavu wa kushoto, mbele, chini kidogo ya silinda hedi,
pana kibao bapa cha chuma, upana wa vidole viwili,
na juu yake miaka sabini ya vumbi la ngano
lililokandwa na oili likawa ngozi.
Sugua. Usikwangue kwa bisibisi.
Namba iliyogongwa hufifia upesi,
kama jina la mtu asiyeitwa.

Baba alisema Fargo hii haijaguswa.
Alisema kanisani, alisema mnadani Wakaw,
alisema kitandani, mrija puani:
"Kila nati niliinunua nayo."
Nikaamini, kama mtu aaminivyo kimo cha mlango wa kwao.

Nilitarajia T, herufi ya malori.
Ikatoka P.
P, moja, nane, kisha mkia wa tarakimu.

"Hii ilizaliwa kubeba watu, si magunia,"
akasema Sandqvist, akatema ganda la alizeti kwenye theluji.
Akanitupia futi kamba. "Pima kichwa chake."
Za kwetu, zilizotoka kalibuni upande huu wa mpaka,
hufika inchi ishirini na tano.
Za kusini hupungua moja na nusu.
Nikapima. Nikapima tena kuanzia upande wa pili,
utadhani kamba ingeona haya ibadili kauli.
Ishirini na tatu na nusu.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Hata hivyo vilikuwapo vya kuonwa na kila mwenye macho:
feni imerefushwa shingo kwa kipande cha bomba
ili iifikie rejeta,
na kwenye chasisi vibati viwili vya kushikilia mguu wa mbele,
vimechomelewa kwa mshono mdogomdogo, wa kujibana,
mwandiko wa Baba kabisa.

Mama alikuja kutoka Dakota Kaskazini
akiendesha mwenyewe, peke yake, Plimathi ya kijani.
Tuliambiwa iliuzwa, mwaka ule wa mvua ya mawe,
majira ya baridi baada ya kumzika.
Mnunuzi hakutajwa.
Na kila vuli, lori likipanda njia ya ghalani na mzigo,
Baba alizima redio.
Mimi nilidhani anasikiliza ubovu.

Nyuma yangu, juu ya mbao, ilikaa injini sahihi:
T, inchi ishirini na tano,
niliipata Melfort kwa bei ya ng'ombe wanne.
Mnyororo ulishakaza. Ile ya P ilikuwa hewani, shibiri moja,
inabembea, inadondosha.
"Inatoka au inarudi?" akauliza Sandqvist.

Nikamwambia tuanze na giaboksi.
Giaboksi haikuwa na siri: gia ya pili imeisha meno,
vipande vyake vilikuwa chini ya oili kama mchele mbovu.
Tukaleta ya gia nne, nzito kama ndama,
ambayo ya kwanza yake hutambaa tu
na haikubali kubembelezwa: kanyaga klachi, toa, achia,
pandisha mzunguko, kanyaga tena, tia.
Ukikosea inakutukana majirani wasikie.
Shafti ilikataa kuingia mara tatu.
Sandqvist akakata mpini wa ufagio wa mkewe,
akauchonga, akaunyoosha nao sahani ya klachi,
na mara ya nne ikaingia bila neno.
(Ufagio nimemnunulia mwingine. Haupendi.)

Saa kumi na moja giza lilikuwa limeshatanda.
Nikashika mnyororo, nikateremsha.

Ile sahihi ingali bandani, chini ya turubai.
Sandqvist kila akipita huinua pembe moja, huangalia, hufunika.
Kwenye karatasi za lori, mbele ya namba ya kiwandani,
nimeandika nyingine kwa penseli.
Jana nilipanda njia ya ghalani kwa gia ya pili, polepole.
Silinda ya tano inakohoa kidogo.
Najua dawa yake. Sijaipa.