Nyayo Juu ya Dari Yangu

Hapa Chiatura vigari huning'inia kwenye nyaya
kutoka bondeni hadi migodini,
na mto hupita katikati yetu na rangi ya wino uliochujwa vibaya.
Naishi ghorofa ya tatu.
Oktoba mgodi ulinirudisha nyumbani na kikaratasi,
tangu hapo nikawa mtu wa kutazama dari.

Juu ya dari yuko Nazibrola.
Miaka ishirini na saba aliendesha kigari cha angani,
akipandisha wachimbaji alfajiri, akiwashusha jioni,
mkono wa kulia kwenye wenzo wa shaba.
Kisha mshipa mmoja ukapasuka kichwani,
na upande wake wa kulia ukazimika
kama mtaa uliokatiwa umeme.

Basi usiku nasikia:
ko. Kwaruu. Kimya.
Ko. Kwaruu. Kimya.
Hatua nne, kitandani hadi kitini.
Nilizihesabu kwa hasira.
Nikagonga dari kwa mpini wa ufagio;
akanijibu kwa mkongojo, ko ko ko,
kana kwamba nimemwamkia.

Desemba, hatua saba.
Januari theluji ikaziba milango. Hatua kumi na moja,
mara puu!
Vikombe vyangu vikalia kabatini.
Nikapanda ngazi mbiombio na soksi tupu,
nikamkuta sakafuni, unga umemmwagikia nywele,
anacheka kwa nusu ya uso,
nusu ya pili ikiwa bado inatafakari.
"Guram," akasema, "nimefika dirishani!
Kwenda nimekwenda vizuri. Nimeanguka kwa kurudi."

Nilitafuta maneno yale ya kadi za wagonjwa,
tabasamu, yote yatakuwa sawa.
Akanitangulia:
"Hayo huniletea dada yangu Tsiala kila Jumapili,
pamoja na jamu ya jozi.
Jamu huwa naila."

Ukutani kalenda.
Ameiandika kwa mkono wa kushoto,
herufi zetu za mviringo zikatoka kama kulabu
zilizokunjwa na mtoto.
*Siwezi kufunga kifungo.* Na chini yake: bado.
*Siwezi kukanda mkate.* Bado.
*Siwezi kuimba.* Hapo hakuongeza kitu.
"Hilo," akasema, "hata zamani lilinishinda."

Na Jumatano zote, tupu.
"Jumatano nalia.
Huzuni nimeipa siku yake,
isizurure wiki nzima."

Sitasema nilishuka ngazi nikiwa mtu mpya.
Nilishuka na soksi zimelowa.
Jiko lilikuwa limezimika, kazi sikuwa nayo,
na dari ilikuwa dari ileile.
Lakini asubuhi nilikitoa kile kikaratasi cha mgodi,
nikakigeuza upande mweupe, nikaandika:
*Sijui kazi nyingine yoyote.*
Nikaitazama sentensi hiyo mpaka chai ikapoa.
Ilikuwa imekwisha vizuri mno,
kama mlango uliofungwa na mtu asiyerudi.
Nikahamishia kalamu mkono wa kushoto,
nikaufungua kidogo kwa neno lake.

Sasa ni Aprili. Nashona viatu kwa fundi Jumberi.
Wateja hurudi, wengine wakichechemea,
naye hunirushia kiatu, "Fumua, anza tena,"
nami nafumua.
Kuna saa, uzi ukipita sawasawa kwenye ngozi,
najikuta napiga mluzi,
na sijui umeanza lini.

Leo, saa mbili asubuhi, mlango wa juu umefunguka.
Hatua hazikwenda jikoni.
Ko. Kwaruu. Kimya.
Ni ngazi.
Nimesimama nyuma ya mlango wangu, mkono kwenye kitasa,
sifungui,
asije akadhani nimekuja kumshika.
Amepita hapa akihema, akijitukana taratibu.
Kidato cha kumi na nne. Cha kumi na tano.
Kisha mlango wa chini,
kisha baridi, kisha sauti ya mtaa mzima ikiingia.

Nimegeuka kutazama kalenda.
Leo ni Jumatano.