Kitanda cha Mninga

Mgongo wangu hauinami tena,
daktari wa Kitete kaandika hivyo kwa mwandiko wa kuku,
nami nataka mchicha.
Ndipo nikakitazama kitanda.

Futi tano kwa sita, mninga mtupu.
Fundi Kashindye alikichonga kwa pesa ya tumbaku
mwaka ule mvua zilipozidi na reli ikakatika.
Mayunga alilala upande wa ukutani, mimi upande wa mlango,
kwa kuwa mimi ndiye wa kuamka.
Sasa nalalia kitanda cha chuma cha mjukuu,
na hiki kimebaki chumbani kama mgeni asiyeaga.

Nikaita vijana wawili. Tukavua chaga moja moja,
tukakitoa kiubavuubavu
(mlangoni kiligoma, kama kilivyogoma siku ya kuingia),
tukakisimamisha nyuma ya jiko, kimeegemea ukuta,
tukaziba chini kwa matofali ya kuchoma,
mchago ukielekea stesheni.

Mama Kalunde akaja, akakitazama kwanza huku,
kisha kule.
"Sisi Wanyamwezi tumelima matuta tangu tumboni mwa mama,
leo wewe walitandikia tuta?"
Nikamwambia, la kwangu lina matendegu.
Akacheka mpaka akakalia ndoo.

Chini magunzi, na majani makavu gunia mbili,
kisha udongo wa kichuguu, toroli kumi na nne kutoka Ipuli,
juu yake samadi,
mbichi, ya moto, nilivyoipokea zizini.
Mbegu za kwanza zikaungua.
Siku ya tisa nilifukua kwa kijiko
nikakuta chainizi imegeuka uzi mweusi.
Mara ya pili nikamwaga mchicha kama ninavyotia chumvi,
ukaota kama nywele za kichanga;
kuupunguza nikaona huruma,
ukadumaa wote, mwembamba, unagombea nafasi.
Mara ya tatu, kuku wa Mama Kalunde.
Sitasema zaidi, bado tunasalimiana.

Nimejifunza kidogo, kwa gharama.
Samadi ni kama hasira, iache ipoe,
ikianza kunukia mvua ndipo uiguse.
Udongo ulioinuliwa hukauka upesi kuliko wa chini,
hunywa kama mlevi wa jana:
ndoo alfajiri, ndoo jua likishuka,
kwa kopo la maziwa nililolitoboa kwa msumari.
Na kitanda kikiwa kipana futi tano
mkono wangu haufiki upande wa pili;
hilo nililijua miaka thelathini na nane
kabla sijawa mkulima.

Leo mchicha umesimama.
Nyanya mbili zina maua, bilinganya bado inajifikiria.
Na kule, upande wa ukutani,
mgagani.

Sikuupanda mimi.
Labda ulikuja na samadi, umesafiri tumboni mwa ng'ombe.
Mayunga aliupenda, akiula kwa ugali wa mtama
huku akinitazama nikikunja uso.
Mchungu kama deni, nilimwambia.
Naye husema, deni la nani?

Niliazimia kuung'oa.
Ila kuufikia ilibidi nipande kitandani,
goti moja, kisha la pili,
mgongo ukinisuta,
udongo wenye joto ukinibonyea chini ya magoti
kwenye mbao zile zile.
Nikakaa hapo kidogo. Treni ya Mwanza ikapiga honi, ikaondoka.
Nikachuma majani, shina nikaliacha.

Nimeuchemsha mara mbili, maji ya kwanza nimemwaga,
nikatia maziwa.
Bado ni mchungu.
Nikaongeza karanga.