Upanga Mmoja

Saa nane usiku, Oulu. Theluji imejikunja dirishani kama paka,
na joka limeanguka.
Tulikuwa ishirini na wanne. Upanga limeacha mmoja.

Veikka ananiandikia kwa herufi kubwa:
MIMI NIMELALA LINI?
Kweli. Mwezi mzima hajakosa usiku hata mmoja,
anajua joka hutema moto kila sekunde ya arobaini na moja,
chakula chake tambi baridi, kando ya kibodi.
Mchumia juani hulia kivulini, namwambia, subiri.
Jua gani? ananijibu. Desemba hii
linachungulia adhuhuri, linaomba radhi, linaondoka.

Tuulikki huja Alhamisi tu,
akishawalaza mapacha, kucha bado zina unga wa zamu.
Juzi alituacha katikati ya vita:
"Mmoja anakohoa."
Shujaa wake akabaki wima kama nguzo ya umeme,
tukaungua wote.
Leo pigo la mwisho ni lake,
kidole kimoja, mtoto begani.

Nina daftari. Nimejumlisha alama,
nimefuta, nimejumlisha tena.
Mimi niliyewaambia wote, siku ya kwanza,
"Karibuni, huku tunacheza tu."

Kwa hesabu ni wa Veikka. Nikampa.

Kimya kirefu. Kisha, kwa herufi ndogo:
"vita vijavyo tuviweke alhamisi.
ila huyo mtoto apewe dawa mapema."

Tuulikki keshatoka zamani, hakusoma.
Nimeandika Alhamisi.
Mbele yake nimeweka alama ya kuuliza.