Kutu Kwenye Kioo

Mavyaa ndiye aliyeiona mwanzo.
Ijumaa, baada ya wali, kikombe cha kahawa mkononi,
akalisogelea tangi la Harithi sebuleni kwetu Mabela,
akauliza: "Zamzam, kioo nacho hushika kutu?"

Nikacheka. Nikasema ni taa.

Kesho yake saa sita mchana, mwanga umekolea,
nikapiga magoti kutazama.
Kutu ikatembea.

Minyoo. Bapa, myekundu, midogo kama punje za ufuta,
mkia wa kila mmoja umechanika ncha.
Hawang'ati. Hawanyonyi.
Wanajilaza tu juu ya matumbawe kuota mwanga,
mmoja, kumi, mkeka mzima,
mpaka aliyelaliwa asahau jua likoje.

Najua walikotoka.
Rial kumi na mbili, uwanja wa kuegesha magari, Sib,
kijana na kasha la barafu nyuma ya gari:
kipande cha tumbawe la kijani, vidole vikicheza,
zawadi ya mwaka wetu wa kumi na tisa.
Harithi yuko Duqm, wiki mbili huko, wiki mbili hapa.
Amenambia mara ngapi: kila kigeni kichovywe dawa kwanza,
kikae peke yake mwezi.
Mimi nikakitia vivi hivi, na bismillahi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni kaja, na jamaa zake mfukoni.

Wa kwanza nilimkata kwa ukingo wa kadi ya benki.
Wakawa wawili, kila mmoja na safari yake.
Miaka ishirini na moja nafundisha hesabu,
sijapata kuona kugawanya
kukawa ndiko kuzidisha.

Dawa ipo. Sajeevan wa duka la Ghubra
alinipa kichupa kama cha wanja,
kisha akanishika mkono wa baibui:
"Mama, usiimimine leo.
Wakifa wengi kwa pamoja hutoa sumu,
na samaki watawafuata.
Punguza kwanza. Kwa mkono."

Kwa mkono, basi.
Mpira mwembamba, ncha moja majini, ncha moja mdomoni,
navuta pumzi, naachia kwenye ndoo ya halwa
ya Idi iliyopita, bado yanukia zafarani.
Nje digrii arubaini na sita,
lori la maji la jirani linarudi nyuma likipiga kelele,
na mimi nafyonza madoa, doa baada ya doa,
siku ya nne, siku ya sita,
magoti yamechapwa alama za zulia.

Harithi anapiga simu. "Samaki wangu?"
"Hawajambo."
"Mbona sauti hivyo? Unalia?"
"Chumvi tu."
Akanyamaza. Akanambia ananipenda,
jambo ambalo kwa simu ya kazini hajapata kulisema.
Sikumsahihisha.

Siku ya tisa nikahesabu matone.
Wakaachia kioo, wakashuka kama majani ya chai,
nami nyuma yao na mpira, ndoo ya saba, ndoo ya nane,
maji mapya yaliyokorogwa tangu jana,
na mkaa (si ule wa kufukizia ubani, hata kidogo)
ndani ya soksi ya Harithi.
Samaki wa njano alilala ubavu.
Saa nzima nilikaa naye, tukipumua kwa zamu.
Alipoinuka, niliswali adhuhuri karibu na alasiri.

Amerudi Jumatano na vumbi la Duqm viatuni,
pua moja kwa moja kwenye kioo.
"Tumbawe jipya! Zamzam!
Uliliosha lakini?"

Kule pembeni, nyuma ya pampu,
punje moja ya ufuta inapanda taratibu kuelekea taa.

Nikaegemea tangi, kiganja juu yake.
"Kahawa inapoa," nikamwambia.