Nyuzi Kumi na Tatu

Katika nyumba hii ya Ibra wanalala wazee sita,
na jikoni kuna daftari la jalada la bluu
ambalo kila asubuhi, kabla sijala, nalilisha:
friji nyuzi nne,
friza kumi na nane chini ya sifuri,
kuku wa jana sabini na tano katikati ya paja,
saa, sahihi yangu.
Ubao wa kijani wa mboga. Mwekundu wa nyama.
Ukizichanganya hujaua mtu, lakini umeanza.

Mimi wa Pangani. Kwetu nyama ikiiva huulizwi nyuzi,
unauma, unajua.
Siku ya kwanza nilipopewa kipimajoto nilicheka,
nikakichoma kwenye pilau kama daktari.
Kisha mzee Nabhan akaugua tumbo kwa uji wa kiporo,
siku tatu namtandikia shuka, namtandua,
mkono wake mwepesi kama ganda la kitunguu.
Sikucheka tena.

Usiku mmoja wa Julai umeme ukakatika
saa saba hadi karibu na alfajiri.
Friji ikasoma kumi na tatu.
Nikatupa maziwa, mtindi, kuku wa watu sita,
bilingani za soko la wanawake la Jumatano,
mchuzi wa papa niliouhangaikia mchana kutwa.
Nikamwaga huku nikimwomba radhi mama yangu,
ambaye hajawahi kutupa hata ukoko.
Wazee wakala tende, mkate mkavu, chai ya rangi,
na manung'uniko juu yake.

Bwana Harith, mwenye nyumba, akasimama nyuma yangu:
"Andika nne. Nani alikuwepo?"
Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye moja.
Nikaandika tatu.

Leo amekuja mkaguzi wa baladia, Bi Shadhia,
viatu kavifunika plastiki, kucha fupi.
Akafungua makabati, akanusa kitambaa cha vyombo,
akaketi na daftari, akapitisha kidole:
nne, nne, nne, nne, nne,
kidole kikasimama.
Bwana Harith akakohoa.
"Hii," akasema mkaguzi, "ndiyo inayonifanya niziamini zile nyingine."
Hata hivyo akatuandikia makosa mawili:
mpira wa mlango wa friji umechanika,
na kopo la bizari halina tarehe.

Chini ya mto wa Bibi Thuwaiba hakuona,
au aliona akageukia dirisha.
Bibi alizaliwa Wete; Kiswahili chake anakitoa kwangu tu,
kama ufunguo wa sanduku.
Huko chini ana sambusa moja, kaifunga kwa leso,
masurufu ya safari ambayo hasemi ya wapi.
Kila usiku akisinzia namwibia ya jana,
namwekea ya leo.
Anajua. Nami najua kwamba anajua.
Hilo halina safu kwenye daftari.

Jioni nikampelekea wali na mboga bila chumvi,
amri ya daktari, moto sawasawa, nimepima.
Akaonja, akanitazama kama nina deni lake.
"Mwanangu, mmeogopa sana nisife," akasema,
"hata mmesahau kunilisha."

Nikarudi jikoni, nikakosha mikono hadi viwikoni,
nikakata ndimu, ubao wa kijani,
nikamkamulia nusu,
kisha nusu ya pili,
nikasimama pale na maganda kiganjani
nikiusoma uso wake.